Fensi ya Heroe

Kazi ya kwanza niliyopewa mbele ya kompyuta, mjini Nakuru mwaka 1997, ilikuwa kuliondoa neno “na” katikati ya miguu ya ndege.

Ndege mwenyewe alikuwa heroe, amechorwa kwa wino mweusi, kasimama kwa miguu yote miwili kama abiria anayengoja matatu. Maandishi yalitakiwa yamzunguke. Na kweli yalimzunguka: yaliteremka na shingo, yakapinda penye tumbo, yakafika chini kwenye miguu, na hapo kompyuta ikaona upenyo wa upana wa kidole kati ya mguu na mguu, ikadhani ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Ikapenyeza neno moja. “Na” hiyo ikabaki imesimama peke yake majini. Msomaji angefika ukingoni mwa mguu wa kwanza, auruke, aikute “na”, auruke mguu wa pili, ndipo aendelee na safari yake. Mzee aliyekuwa akituongoza aliitazama kwa muda.

“Huyu naye anatafuta nini hapa?” akaniuliza, kama aliyemkuta mtu ndani ya shamba la wenyewe.

Duka letu la chapa lilikuwa ghorofa ya kwanza, mtaa mmoja nyuma ya Kenyatta Avenue. Chini yetu waliuza mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo kadi zetu za harusi zilinukia dawa ya kupe hata zilipofika kanisani. Dirisha la nyuma lilielekea Menengai. Miezi ya ukame upepo ulipovuma kutoka upande wa ziwa, vumbi lilipita chini ya mlango, likatua juu ya kila kitu. Wapo wasemao kwamba jina la mji wetu ni la Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Sisi wa skana hatukuhitaji ushahidi. Kila chembe iliyotua kwenye kioo ilitokea kwenye picha kama kipele, na asubuhi yangu ya kwanza yote niliimaliza nikipangusa kioo kwa kitambaa cha miwani ya Mzee.

Tulikuwa wanne. Mzee, dada wa kaunta, fundi wa mashine ya Riso ambaye pia alishika gilotini, na mimi, niliyetoka Njoro na cheti cha kupiga taipu. Kompyuta zilikuwa mbili, zote za aina ya 486, moja ya hesabu na moja ya kazi. Ile ya kazi ilikuwa na PageMaker toleo la 5, la enzi kampuni ya Aldus haijaungana na Adobe. Waliungana mwaka 1994, lakini habari hizo duka letu halikuzijali. Kwenye nembo ya Aldus palikuwa na sura ya mtu kwa upande, na kwa wiki mbili niliamini huyo ndiye mwenye kampuni. Mzee alicheka sana. Akaniambia yule ni Aldus Manutius, mchapaji wa Venice aliyefariki mwaka 1515, na kwamba kama angekuwa hai asingeniruhusu hata kufagia.

Kazi zilikuwa zile zile za mji wowote wa Kenya: risiti, kalenda, kadi za harusi, mitihani ya majaribio ya shule, programu za mazishi. Lakini mwaka ule mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiswahili shule za msingi miaka mingi, alituletea kijitabu cha kurasa 12 alichowaandikia watoto wanaopelekwa kutembelea hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mpwa wake alikuwa amemchorea wanyama: heroe, twiga, kifaru, nyati, mwari. Naye alikuwa ameona katika gazeti moja maandishi yamelizunguka gari, yamefuata bonati na matairi. Akataka hivyo hivyo. “Maneno yamkumbatie mnyama,” alisema, akionyesha kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipofundishwa fensi.

Jina hilo ni la Mzee. Ulipoibonyeza picha, ukafungua menyu na kuchagua maandishi yaizunguke, PageMaker iliizungushia picha mstari wa nukta nukta, wenye vialmasi vidogo kwenye pembe. Mwanzoni ulikuwa mstatili tu, vialmasi vinne, kama ploti mpya kutoka kwa mpimaji. Maandishi hayakuvuka mstari ule. Mzee akauita fensi, na vialmasi akaviita posti, na mimi mtoto wa mtu aliyefunga seng'enge katika mashamba ya Njoro sikuhitaji maelezo mengine. Ukishika posti kwa kipanya unaisogeza. Ukibonyeza popote juu ya mstari, inaota posti mpya. Ukitaka kuing'oa, unaivuta hadi juu ya jirani yake, zinakuwa moja. Kati ya picha na fensi palikuwa na nafasi, na programu ilipendekeza yenyewe inchi 0.167, yaani sehemu moja ya sita ya inchi. Nafasi hiyo Mzee aliifananisha na ule ukanda wa kando ya barabara ambao mtu haruhusiwi kujengea kibanda. “Ukiuza hapo leo utapata pesa,” alisema, “lakini gari likikosa njia litakupitia.”

Nilimfungia heroe fensi kwa bidii ya mgeni kazini. Niliweka posti kila penye manyoya yaliyochomoza, kila penye mkunjo wa mdomo wake uliopinda kama ndoana, kwenye kifundo kile katikati ya mguu ambacho watu hudhani ni goti. Zilipita 60. Kila niliposogeza moja, kompyuta ilisimama, ikawaza, ikapanga upya maandishi ya ukurasa mzima, ndipo ikanirudishia kipanya. Posti moja, dakika nzima. Fundi wa Riso alikuwa akija kunichungulia na kikombe cha chai, anakunywa, anamaliza, na mimi bado nipo shingoni.

Mzee alivuta kiti. Kwanza alinionyesha siri ambayo sijaisahau: ukishikilia kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi wakati unasogeza posti, programu inatulia, haipangi chochote, mpaka utakapokiachilia. Unafunga fensi yako yote kwa utulivu, ukiachilia ndipo maneno yote yanakimbia kwa pamoja kutafuta mahali papya. Kisha akaanza kung'oa. Aling'oa posti zangu mbili mbili bila huruma, zikabaki 11. Mstari ulioshuka na shingo ukawa mpindo mmoja mpana. Manyoya aliyapuuza. Miguu yote miwili aliifungia fensi moja, na upenyo wa katikati ukawa ndani. “Na” ikatoka yenyewe bila kufukuzwa, ikaenda kukaa na wenzake mstari wa chini.

“Fensi haifuati kila kisiki,” akasema. “Inafuata shamba.”

Siku nyingine mambo yakiwa mapoa alinisimulia alivyojifunza yeye. Miaka ya 60 alikuwa kijana katika kiwanda cha chapa Nairobi, akipanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kichwa chini. Kuzungusha maandishi kwenye picha wakati huo ilikuwa hesabu. Picha ilikuwa kipande cha chuma kilichogongewa juu ya mbao, cha pembe nne. Kama mteja alitaka maneno yafuate umbo, mbao ilikatwa kwa msumeno, na kila mstari wa maandishi ukapimiwa urefu wake peke yake. Mahali pasipo na neno hapakuwa patupu. Ilibidi pajazwe vipande vya risasi visivyo na herufi, vifupi kidogo kuliko herufi ili visiguse wino, la sivyo ukurasa wote ungelegea na kumwagika sakafuni. Kwa hiyo nafasi tupu ilikuwa na uzito. Uliibeba kwa mikono, ukaihesabu, jioni ukairudisha kwenye sanduku lake. Nadhani ndiyo maana hakuelewana na wateja waliosema, na walikuwa wengi, “Mbona umeniachia hapa bure na nimelipia ukurasa mzima?” Aliwajibu kwa upole, lakini walipoondoka alinung'unika hadi saa ya chai.

Alinifundisha mambo mengine ambayo programu haikuyajua na nadhani hata sasa haiyajui. Kwamba usiweke picha katikati ya safu moja ya maandishi, mstari ukakatwa vipande viwili na msomaji akawa kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Iweke kati ya safu mbili, kila safu iliwe kidogo upande mmoja. Kwamba upande wa kulia wa safu unaweza kuupindisha utakavyo, lakini wa kushoto uuguse kwa adabu, kwa sababu jicho linapomaliza mstari hurudi kushoto kutafuta mlango, na ukiuhamisha mlango kila mara litachoka. Kwamba mnyama aelekee kwenye maneno, asiyape mgongo. Kwa sheria hiyo ya mwisho tulimgeuza kifaru akaangalia upande wa pili. Mwalimu hakugundua. Mpwa wake aligundua, akanuna.

Mwalimu aligundua mengine. Tulipompa prufu ya kwanza alikaa kwenye benchi la kaunta na kalamu nyekundu, na baada ya dakika kumi dada wa kaunta alikuja kuniita kwa sauti ya mtu anayeita ambulensi.

“Kijana,” Mwalimu akaniambia, “wewe ulisoma silabi darasa la ngapi?”

Kosa lilikuwa hili. Safu ikibanwa na fensi inakuwa nyembamba, na safu nyembamba inakatakata maneno mwisho wa mstari. PageMaker ilikata kwa kamusi ya Kiingereza. Ilikuwa imeandika “nyum-” ikateremsha “bani”. Ilikuwa imeandika “wan-” ikateremsha “afunzi”. Mwalimu alikuwa amevizungushia duara vyote, na pembeni akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: nyu-mba-ni, wa-na-fu-nzi. Akanieleza pale pale, mbele ya wateja, kwamba silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na kwamba mb na nz haziachanishwi, ni kama ng'ombe na ndama wake. Nikaogopa hata kumwonyesha ukurasa wa nyati, ambapo mashine ilikuwa imemkata ng'ombe mwenyewe.

Nikazima ukataji wote. Hapo likazuka balaa la pili. Kiswahili kina maneno marefu; “hawatakaribiana” ni neno moja, na ukilinyima ruhusa ya kukatika, linahama zima kwenda mstari wa chini. Mstari uliobaki, kwa kuwa tulikuwa tumenyoosha kingo zote mbili, unavutwa ujaze nafasi: maneno mawili, moja ukuta huu, jingine ukuta ule, na katikati uwanja wa mpira. Ukitazama ukurasa kwa mbali unaona mifereji myeupe inateremka. Mzee alikuwa na kipimo chake: chini ya herufi 30 kwa mstari, usinyooshe kingo zote, acha upande wa kulia ujiishie wenyewe. Na pale palipobaki neno sugu niliweka kistari kwa mkono, kwa Ctrl na alama ya kistari, kile kinachotokea tu neno likikatika na kujificha lisipokatika. Kijitabu kizima nilikipitia hivyo, neno kwa neno, nikitamka silabi kwa sauti ya chini. Fundi wa Riso alidhani nimeanza kusali.

Tukachapa nakala 500. Mwalimu akalipa, akazichukua kwenye katoni, akarudi kesho yake na nakala moja mkononi.

Ukurasa wa heroe, sentensi ya mwisho ilisema: “Rangi yake ya waridi hutokana na”. Basi. Baada ya hapo palikuwa na nambari ya ukurasa.

Nilijua papo hapo nilichokifanya. Jioni ya mwisho, Mzee ameshaondoka, niliona shingo ya heroe imesongwa kidogo. Nikasogeza posti tatu nje, kwa kadiri ya unene wa shilingi. Shingo ikapata hewa. Lakini maneno niliyoyasukuma shingoni yalisukuma ya tumboni, ya tumboni yakasukuma ya miguuni, na mstari wa mwisho ukaanguka nje ya ukurasa. Haukufutika. Katika PageMaker maandishi yasiyopata mahali hukaa yamekunjwa chini ya safu, na programu inakuwekea alama: pembetatu ndogo nyekundu kwenye ukingo wa chini. Ila pembetatu hiyo huonekana tu ukiishika safu yenyewe kwa kile kimshale. Mimi nilikuwa nimeshika ndege. Habari kwamba heroe hupata rangi yake kutokana na chakula, ule mwani mdogo anaouchuja majini kichwa kikiwa juu chini, ilibaki kwenye kompyuta ya Nakuru, imekunjwa.

Mzee alisema tutachapa upya kwa gharama ya duka, na macho yake yakaniambia gharama hiyo ina jina. Mwalimu akakataa. Alikaa kwenye benchi, akaisoma ile sentensi tena, midomo ikicheza.

“Acheni,” akasema. “Nitawaambia watoto wajaze pengo.”

Na ndivyo alivyofanya. Miaka baadaye nilikutana kwenye matatu ya Njoro na msichana aliyenisimulia, bila kujua mimi ni nani, kwamba alipokuwa shule ya msingi walikuwa na kitabu kizuri cha wanyama chenye maswali. Swali lenyewe lilikuwa moja tu.

Tangu siku hiyo sikuwahi kufunga faili bila kupita safu moja baada ya nyingine nikitafuta pembetatu. Bado nafanya hivyo, ingawa PageMaker yenyewe iliishia toleo la 7 mwaka 2001 na tangu zamani nafanya kazi na InDesign, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Hii ya sasa huutafuta ukingo wa picha yenyewe. Unaiambia tu itambue, na kwa kufumba na kufumbua imeshafunga fensi yenye posti mia. Vijana ninaofanya nao kazi huiacha hivyo hivyo. Mimi bado nang'oa. Na bado picha huyafukuza maelezo yake yenyewe: unaandika jina la mtu chini ya sura yake, linatoweka, kwa sababu fensi ya sura haijui kwamba jina ni la mwenye nyumba. Kuna kisanduku cha kuweka tiki ili maandishi fulani yaipuuze fensi. Nimekionyesha kwa watu wengi kuliko nilivyoonyesha njia ya stendi. Ziwa nalo limehamisha posti zake. Lilipanda mwongo uliopita likameza lango kuu la zamani la hifadhi, migunga ikafia imesimama majini, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji. Duka letu siku hizi huuza simu.

Lakini nilianza kusimulia haya kwa sababu ya mkono.

Ilikuwa mwaka 2000, mwaka wa ukame, mabwawa ya mto Tana yamekauka na stima inagawiwa kwa zamu nchi nzima. Upande wetu wa mji zamu ilikuja usiku na kuondoka saa nne asubuhi, kwa hiyo tulilala dukani, kila mtu na blanketi lake. Wakati huo tulikuwa na PageMaker 6.5 na programu nzuri ya kusafisha picha. Vijana wawili wa Bahati walituletea programu ya mazishi ya baba yao, aliyestaafu kutoka kwenye reli. Wasifu wake ulikuwa umeandikwa na mkubwa wao kwa mkono, kurasa tatu za fulskepu, na picha ilikuwa moja tu: marehemu kwenye harusi ya mtu fulani, koti la kijivu, ua kifuani, anakaribia kucheka. Kando yake alisimama mwanamke ambaye picha ilimkata nusu, na mkono wa mwanamke huyo ulikuwa umelala juu ya bega la marehemu.

“Tutolee Mzee peke yake,” wakaniambia. “Kama ya pasipoti, lakini kubwa.”

Usiku ule nilimtoa. Nilifuta ukumbi, nikafuta puto, nikamfuta mwanamke, na ule mkono nikaufunika kwa kitambaa cha koti nilichokinakili kutoka bega la pili. Ilikuwa kazi safi hata nikaamsha fundi wa Riso aione. Nikamweka marehemu kati ya safu mbili, nikamfungia fensi ya posti tisa, mabega yakashuka vizuri, maneno yakamkaa kama koti jingine. Wasifu wote uliingia. Nilitafuta pembetatu, haikuwepo.

Asubuhi saa tatu walikuja kuona prufu, na mama yao wakaja naye. Alivaa kitambaa cheusi kichwani na sweta la kijani. Dada wa kaunta alimpa pole, akampa kiti, akampa chai. Vijana walisoma wakaridhika. Mama hakusoma. Aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha akaweka kidole kando ya bega la mumewe, juu ya mstari uliosema kwamba mwaka 1971 alihamishiwa Kisumu.

“Kijana,” akaniambia, “mkono wangu umeupeleka wapi?”

Vijana wakatazamana. Mkubwa akasema, “Mama, tulitaka picha ya Mzee mwenyewe.”

“Huyu si mwenyewe? Nimeuliza mkono.”

Nilikuwa nimehifadhi picha ya mwanzo; Mzee wetu wa duka alikuwa ametuzoesha hivyo. Nikamwomba Mama asogee karibu na skrini, nikairudisha. Mkono wenyewe haukuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba mkono hauanzii hewani. Ulikuja na kifundo, na saa ndogo, na mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, pale picha ilipokomea. Ukiuacha hapo ungekuwa mkono uliokatwa. Mahali pekee pa kuupitisha palikuwa ukingoni mwa ukurasa: uingie kutoka pambizo ya kulia kama mtu anayeingia mlangoni, uvuke safu nzima ya pili, ufike begani. Na safu hiyo ilikuwa imejaa.

Nikamweleza. Nikamwambia maneno yatapanda juu ya mkono na mengine yatashuka chini yake, na mengine yatakosa pa kukaa.

“Mangapi?”

Nikasogeza posti kwa makisio, nikaachilia, nikaishika safu. Pembetatu nyekundu. Nikahesabu yaliyokunjwa: mistari tisa, na ndani yake majina ya wajukuu.

“Tutapunguza herufi,” mkubwa akasema. Zilikuwa tayari ndogo. Wazee wenzake na marehemu wasingeziona. Ilikuwa saa nne kasorobo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Riso, anatazama saa ya ukutani na kunitazama mimi.

Mama aliomba asomewe. Mwanawe akamsomea wasifu wote, kwa haraka mwanzoni, kisha polepole. Alipofika kwenye kazi, mama akamsimamisha kwa kiganja.

“Toa Voi,” akaniambia. “Toa na Kisumu. Huko hakuwa na nyumba, walilala wanne chumba kimoja na chakula walipika wenyewe.”

“Lakini Mama, hiyo ndiyo historia yake ya kazi.”

“Wa reli watakaokuja wanaijua. Wasioijua haitawasaidia. Eldoret iache, wewe ulizaliwa Eldoret.”

Nikatoa Voi. Nikatoa Kisumu. Ikabaki mistari miwili. Akaniuliza nini kingine kiko pale juu, nikamsomea cheo alichopandishwa mwaka wa 1978, chenye jina refu la Kiingereza. Akasema hilo hata marehemu mwenyewe hakuwahi kulitamka. Mwanawe mdogo akacheka kabla hajajizuia, na mkubwa naye akatazama chini, nikaona mabega yake yanatikisika.

Nikashikilia kitufe kirefu. Nikazipeleka posti moja baada ya nyingine kando ya gauni, kando ya saa, juu ya vifundo vya vidole, nikaacha nafasi kidogo zaidi ya ile ya kawaida. Nikaachilia. Maneno yakakimbia. Nikaishika safu, nikatafuta pembetatu chini, na hapakuwa na kitu.

Tulichapa 200 kabla stima haijapotea, mbili za mwisho zikatoka hafifu. Mama hakuondoka. Alipokea nakala ya kwanza ikiwa bado na joto la mashine, akaivuta mbali na macho, akaanza kuhesabu kwa kidole.

“Vinne,” akasema. “Cha tano kiko nyuma ya bega lake.”